Zamu ya Dirisha

Mtu aliyezaliwa mwambao akahamia nchi za baridi hupatwa na tatizo katika lugha yake kabla hajapatwa nalo mwilini. Kwetu kaskazi ni upepo wa joto. Huvuma tangu Desemba hata Machi, na ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na mzee akisema kaskazi imekaza, msikilizaji huona harara, jasho la shingo na kisima kilichopungua maji, ilhali ubaridi tuujuao huja na kusi, na kipupwe kikizidi sana humlazimisha mtu kujifunika shuka ya pili usiku, basi. Upande mmoja wa dunia tukaupa jina la upepo huo wa joto, tukauita kaskazini. Na mimi niandikaye haya nakaa kaskazini hasa, katika mji wa Winnipeg nchini Kanada, karibu na latitudo ya 50, ambako upepo utokao upande huo wenye jina la joto hukishusha kipimajoto hata nyuzi 30 chini ya sifuri katika usiku wa Januari. Nimekaa na kinyume hiki miaka kumi na mmoja, wala sijakizoea.

Kinyume cha pili ni cha majira. Kipindi ambacho wenyeji hukiona kuwa kitamu kuliko vyote, baada ya theluji na kabla ya joto, hakina kwetu jina lisiloyumba. Baadhi ya waandishi hukiita masika, na hilo ni kosa la wazi, maana masika ni mvua na tope na mahindi yaliyokwisha kupandwa. Wengine husema majira ya machipuko, jina zuri lisilosema kweli, kwa sababu katika Aprili ya Winnipeg hakichipuki kitu. Chungu za theluji iliyosukumwa kando ya barabara zimekwisha kugeuka rangi ya masizi, mto Red unapasua barafu yake, na mtu akipiga jembe bustanini hukuta, shubiri moja chini, udongo mgumu kama sakafu ya saruji. Wenyeji wenye hadhari hawatoi mche wa nyanya nje mpaka ipite Jumatatu inayotangulia tarehe 25 Mei, siku ya mapumziko yenye jina la Malkia Victoria, kwani kabla ya hapo jalidi ya usiku mmoja huweza kufuta kazi ya miezi miwili. Walakini jua halingoji. Machi inapofika siku 21 mchana na usiku hulingana, na Aprili ikimalizika mchana umekwisha kupata saa 14 na nusu. Hapo ndipo penye fumbo ambalo mtu wa ikweta hakulelewa kulifumbua: mwanga umejaa tele, na joto halipo.

Kutokana na fumbo hilo lilizaliwa, miaka mitatu iliyopita, shauri la kujenga kitalu nyumba cha jumuia katika mtaa wetu. Kitalu nyumba ndilo jina ambalo mabwana shamba wa Tanzania wamelieneza, na mimi nalipendelea, ingawa babu zetu wangesema nyumba ya kioo, kwa kuwa chetu hakina kioo hata kipande. Kina matao ya bomba, nailoni ya tabaka mbili, mlango wa mbao, na katika paa madirisha manne yanayosukumwa kwa ufito. Urefu wake ni mita 12 na upana 6. Kiko kwenye kiwanja ambacho zamani kilikuwa cha kuegesha magari, na matuta yake ni masanduku ya mbao yaliyojazwa udongo wa kununua, kwa sababu udongo wa chini yake hakuna anayejua umekunywa mafuta kiasi gani.

Mkutano wetu wa kwanza ulikuwa Februari, nje nyuzi 24 chini ya sifuri, ndani watu kumi na wanane na birika mbili za chai. Walikuwapo Wafilipino, Wasomali, familia mbili za Kikongo, wenyeji wa nasaba za Kizungu na za watu wa asili wa nyika hizi, na mzee mmoja mwenye asili ya Ukraine, mkulima aliyestaafu, ambaye aila yake ilikuja huku mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye hakuvua kofia yake muda wote wa mkutano. Tulijadiliana kwa muda wa saa tatu nzima. Tulijadiliana mintarafu ya kioo na nailoni na polikaboneti. Tulipima uzito wa theluji mbichi ya Aprili, ambayo ni nzito kuliko ya Januari na imekwisha kuangusha mabanda mengi ya watu wasioamini. Tulibishana kama tabaka mbili za nailoni zipuliziwe hewa katikati kwa kipepeo cha umeme, na bei ya umeme huo ailipe nani. Wakati watu wamekwisha kuvaa makoti, yule mzee akauliza swali moja: nani atakuwa akikifungua? Tukamjibu, kwa haraka ya watu wanaotaka kwenda nyumbani, kwamba funguo zitatengenezwa nyingi na kila mtu atakuwa na wake. Akatikisa kichwa, akatoka. Nilidhani ni utani wa kizee. Makala haya nayaandika kwa sababu swali lile lilikuwa ndilo mkutano wote, na yale mengine ya saa tatu yalikuwa ni utangulizi wake.

Nieleze kwanza nyumba hii inavyofanya kazi, kwa kuwa bila hayo kosa nitakalolisimulia halitafahamika. Wengi husema kwamba kioo ni kama bawabu mwenye hila, humruhusu mwanga kuingia na kumzuia joto asitoke. Kauli hiyo ina chembe ya kweli. Lakini mwaka 1909 mwanafizikia wa Kimarekani, Robert Wood, alitengeneza visanduku viwili, kimoja akakifunika kwa kioo na cha pili kwa bamba la chumvi ya mawe, ambayo huipitisha hata ile mionzi ya joto isiyopita katika kioo, akaviweka juani. Na joto la visanduku hivyo likakaribia kuwa sawa. Akahukumu kwamba siri kubwa si bawabu bali ni kifungo: udongo hupata moto kwa jua, hewa iliyougusa hupata moto kwa udongo, na hewa hiyo, ambayo nje ingepanda na kwenda zake, humu haina pa kwendea. Kwa hiyo kitalu nyumba hakitengenezi joto, kimelifunga tu. Na chochote kilichofungwa kina haja ya mtu wa kukifungua.

Wazee wa Roma walilijua jambo hilo kwa mikono yao. Pliny, mwandishi wao, ameandika kwamba Kaisari Tiberius alipenda sana tunda la jamii ya tango, na hakukosa kuliona mezani karibu kila siku, kwa kuwa watunza bustani wake waliliotesha katika vitanda vyenye magurudumu, wakavisukuma juani, na siku za baridi wakavirudisha chini ya vifuniko vya jiwe lipitishalo mwanga. Wengi wakisoma habari hiyo hustaajabia jiwe. Mimi huwastaajabia wale waliosukuma, ambao majina yao hayakuandikwa, na ambao siku moja tu ya usahaulifu wao ingemkosesha Kaisari tunda lake.

Kwetu tuliweka mapipa kumi na sita ya maji kando ya ukuta wa kaskazini, tumeyapaka rangi nyeusi ili yanywe jua mchana na kulitoa polepole usiku, na kwa tadbiri hiyo ndogo tuliweza, nje kukiwa nyuzi 7 chini ya sifuri, kuamka na kukuta ndani nyuzi 3 juu yake. Saladi na spinachi humea katika udongo wa baridi ya namna hiyo bila kulalamika. Nyanya hazikubali, mbegu yake katika udongo ulio chini ya nyuzi 10 hukaa kimya mpaka ioze, na mche wake ukipata baridi ya miguu hugeuka rangi ya zambarau chini ya majani, alama ya kwamba mizizi imeshindwa kuivuta fosforasi hata ikiwa imejaa tele ardhini. Kwa hiyo miche ya nyanya na pilipili tuliilea majumbani, dirishani, juu ya makabati na juu ya mashine za kufulia, na katikati ya Aprili tukaileta kitaluni kwa sherehe. Ilikuwa miche mia tatu na zaidi.

Jumapili iliyofuata funguo zilikuwa kwangu. Naam, kila mtu alikuwa na funguo, lakini kila mtu alijua kwamba mimi nakaa karibu kuliko wote, na kwa kujua hivyo kila mtu alilala. Niliamka kwa swala ya alfajiri, nikakitazama kipimajoto cha nje ya dirisha, kikanionyesha nyuzi 6 chini ya sifuri; mbingu ilikuwa safi, haina wingu hata la ukubwa wa kitambaa. Nikajisemea moyoni, kama ambavyo mtoto yeyote wa pwani angejisemea, kwamba katika baridi hii hakuna haraka, afadhali hewa ibaki imefungwa, miche ipate kujisitiri. Nikarudi kitandani. Nilifika kitaluni saa nne na robo asubuhi. Nilipofungua kufuli, kilichonipokea kwanza kilikuwa ni harufu, nami niliitambua papo hapo, maana ni harufu ya jikoni kwa mama yangu: harufu ya mboga za majani zinapochemka mara ya kwanza kabla hazijatiwa nazi. Kipimajoto kilichoning'inia katikati ya matao kilikuwa kimepanda kikafika mwisho wa namba zake, nyuzi 50. Nailoni ilikuwa ikitiririka maji. Miche ilikuwa imelala upande mmoja safu kwa safu, kama watu waliopigwa na usingizi wakiwa katika kusikiliza hotuba, na majani yake yalikuwa na ule ung'avu wa giza wa kitu kilichopikwa. Nje, hatua mbili kutoka mlangoni, theluji ilikuwa bado inakatika chini ya viatu kama sukari guru.

Aliyekuja wa pili alikuwa mama mmoja wa Uvira, mwenye matuta mawili karibu na mlango. Alisimama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Baba, leo umetupikia mbele ya kuvuna." Kisha akachukua ufito, akasukuma dirisha la kwanza.

Tangu siku hiyo sina shaka tena juu ya jambo moja, na ndilo nitakalo kuwaambia wale wote wanaoniandikia kutoka Ulaya na Marekani kuniuliza jinsi ya kuanzisha bustani ya namna hii: baridi si adui yake mkubwa. Zamhariri ya Februari hukikuta kitalu kitupu, na ya Aprili inaweza kukabiliwa kwa mapipa na mablanketi. Kinachokiua ni asubuhi moja njema ya jua ambayo kila mtu alidhani mwenzake yuko huko. Watu huuliza bei ya nailoni, huuliza aina ya mbegu, huuliza namna ya kuomba msaada wa serikali, na sijawahi kuletewa swali la yule mzee. Nami nawajibu kwamba wasinunue hata msumari kabla hawajawa na watu kumi na wanne, wawili kwa kila siku ya juma, waliotia majina yao katika daftari kwa mkono wao wenyewe. Wasipopatikana kumi na wanne, basi na wajenge kitalu kidogo cha watu wawili, au wakae nyumbani wakaoteshe bizari ya majani dirishani. Si aibu.

Sisi tulipanda upya, tukachelewa majuma matatu, na nyanya zetu za mwaka ule zilikuwa bado kijani jalidi ya Septemba ilipozikuta. Lakini daftari likaanza. Ni daftari la kawaida la shule, limetobolewa pembe na kutundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na kila siku ina safu mbili: wa kufungua na wa kufunga. Afungue saa mbili asubuhi, aandike joto la ndani na la nje. Afunge alasiri jua likianza kuinama, aandike tena. Kwa kuwa mtu akifungua hawezi kuondoka hapo hapo, maana lazima angoje aone hewa imetulia kabla hajakiacha, pakaletwa kiti; kwa sababu wa kufunga aghalabu humkuta wa kumwagilia, pakaletwa cha pili; leo kuna benchi, birika, na kopo la biskuti ambalo halikai limejaa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kilichotokea. Tumejenga baraza. Katika mji ambao miezi mitano watu hupita mbio kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa gari, nyuso zimefunikwa hata pua, na unaweza kukaa na jirani yako ukuta kwa ukuta msijuane hata kwa salamu, hapa ndipo mahali pekee katika mwezi wa Aprili ambapo mtu hukaa bila koti na bila kununua kitu, akamwuliza mwenziwe hali ya mtoto.

Mfano wa bustani kama hii ninaoupenda kuliko yote, lakini, uko mbali zaidi, kaskazini ya kaskazini. Mji wa Inuvik uko katika delta ya mto Mackenzie, kiasi cha kilomita 200 ndani ya Duara ya Aktiki. Ni mji wa watu 3,000 na ushei, wengi wao watu wa asili, Wainuvialuit na Wagwich'in. Ulijengwa katika miaka ya 1950 kwa sababu Aklavik, mji wa zamani wa delta hiyo, ulikuwa ukisumbuliwa na mafuriko, na majengo yake yamesimamishwa juu ya nguzo, kwa kuwa ardhi ya chini ni barafu ya daima, na nyumba yenye joto ikilala juu yake huiyeyusha na kuzama. Barabara ya Dempster, kilomita zaidi ya 700 za changarawe, ilikamilika 1979, na mpaka leo kuna majuma katika mwaka ambayo haipitiki, pale barafu ya mito inapovunjika na kivuko hakijaanza, au pale kivuko kimesimamishwa na barafu haijapata unene wa kubeba gari. Siku hizo bilinganya ikitaka kufika Inuvik hupanda ndege kama waziri. Udongo wa kulima hakuna. Lakini kuanzia mwisho wa Mei jua halichwi kwa takriban siku 56.

Mwaka 1998 watu wa mji huo walijikusanya kuokoa jengo lililokuwa limekusudiwa kubomolewa, ukumbi wa mchezo wa magongo ya barafuni. Wakaondoa bati la paa, wakaweka polikaboneti ipitishayo mwanga, na pale palipokuwa uwanja wa barafu wakapanga matuta yaliyoinuliwa, ya kukodishwa kwa wakazi. Ghorofani wakaweka miche na maua ya kuuza, ili fedha yake isaidie kulipa gharama. Mwanachama halipi ada akaishia hapo, anadaiwa pia saa zake za kazi ya jumuia kila msimu. Kwa ufupi, wana daftari.

Ukumbi huo una habari nyingine ambayo haifai kurukwa. Ulikuwa sehemu ya Grollier Hall, bweni la Kanisa Katoliki lililofunguliwa 1959, ambamo watoto wa Wagwich'in, Wainuvialuit na kaumu nyingine za huko waliwekwa ili wasome, wakiwa wametengwa na wazazi wao, lugha zao na chakula chao. Na wasimamizi kadhaa wa bweni hilo walikuja kuhukumiwa mahakamani kwa kuwadhulumu watoto hao kimwili na kiheshima. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Kanada ilifanya mkutano mmoja wa kitaifa katika mji huo huo, na watu wazima, wengine na wajukuu pembeni yao, walisema hadharani mambo waliyoyafungia vifuani tangu udogo. Sitasema kwamba nyanya huponya dhuluma. Atakayesema hivyo hajui nyanya wala dhuluma. Nasema jambo dogo zaidi. Zamani mlango ule ulifungwa na kufunguliwa na wageni, na watoto waliokuwa ndani hawakuulizwa. Leo hufunguliwa na wakazi wa mji wenyewe, na tuta ni la aliyelikodi.

Kati ya mji wangu na Inuvik kuna deni, na nalisimulia kwa sababu lanifurahisha. Mwaka 2010 Waislamu wachache wa Inuvik, ambao walikuwa wakiswali katika chumba kisichowatosha, walijengewa msikiti mdogo hapa Winnipeg, kisha ukapakiwa mzima, ukasafiri zaidi ya kilomita 4,000 kwa lori na kwa tishari kuteremka mto Mackenzie kabla haujaganda, ukafunguliwa Novemba. Kwa hiyo wao walichukua msikiti kwetu, nasi tukaiga bustani kwao.

Kuna watakaouliza faida, na swali lao ni la haki. Kwetu Afrika ya Mashariki kitalu nyumba kimejulikana zaidi kwa biashara: atokaye Nairobi kwenda Nakuru huona pale Naivasha nailoni zimemetameta kando ya ziwa, na ndani yake ni mawaridi yanayokatwa kwa ajili ya vyumba vya Ulaya, jambo ambalo limenichekesha siku nyingi, kwamba nchi ya joto hujenga nyumba ya joto ili kuipelekea maua nchi ya baridi. Huko kila kitu hupimwa, na hapana budi kipimwe. Afisa mmoja wa idara tuliyoiomba msaada alitaka nasi tupime hivyo hivyo. Alikuja na karatasi yenye nafasi ya kuandika kilo kwa kila mita mraba, na nafasi nyingine haikuwapo. Tukaandika kilo zetu, ambazo hazikuwa nyingi. Tuta la mita mbili halimtoi mtu dukani; humpa saladi, mboga ya siku kadhaa kwa juma, na kiburi kidogo. Atakayewaahidi majirani zake kwamba kitalu cha jumuia kitawashibisha anawadanganya, na uwongo huo ndio unaovunja bustani nyingi mwaka wa pili, watu wanapofanya hesabu.

Ila kuna mazao ambayo duka halina. Mama wa Uvira huotesha lengalenga, ambayo sisi twaiita mchicha, na hapo nilijifunza maajabu ya siku ndefu ambayo sikuyasoma popote kabla ya kuyaona. Spinachi ya Kizungu, mchana ukizidi saa 14, hujidhani imefika mwisho wa umri. Huacha majani, hutoa shina refu na mbegu, ikawa chungu. Mchicha ni kinyume chake: jamii zake nyingi hungoja siku zifupike ndipo zichanue, kwa hiyo katika Juni ya Winnipeg, mchana saa 16 na zaidi, hukaa kama mtu aliyesahau ajali yake, ukitoa majani juu ya majani. Wenyeji wanaokata tamaa na spinachi yao mwezi wa sita huja kuchungulia tuta la mama yule. Mwaka jana aliwagawia mbegu wote waliouliza, akiwafundisha kuitamka le-nga-le-nga, na yule mzee wa Kiukraine, bado na kofia yake kichwani, sasa analo tuta zima la mchicha ambao huula kwa siki na vitunguu, jambo ambalo nimeamua kutolisemea.

Limebaki suala moja, na ni la juma hili. Kuna kifaa cha shaba, bomba fupi lenye nta ndani yake; jua likipanda nta hutanuka, husukuma fimbo, na fimbo husukuma dirisha; jioni nta husinyaa na dirisha hujifunga. Hakihitaji umeme wala mtu. Baadhi ya wanabustani, vijana hasa, wanapendekeza tununue vinne, tulifute daftari na watu wapumzike. Hoja yao si dhaifu, nami ndiye wa mwisho mwenye haki ya kuipinga, maana kifaa hicho kingekuwapo Jumapili ile, miche mia tatu ingekuwa hai. Lakini nta haijui kwamba mlango umeachwa wazi, haioni chawa wa mimea chini ya jani, haitambui mche uliooza shina kwa unyevu, wala haimwulizi jirani aliyekosekana siku tatu kama yu mgonjwa. Mwezi uliopita tulijua kwamba mmoja wetu amelazwa hospitali kwa sababu safu yake ya kufunga ilikuwa tupu mara mbili mfululizo.

Kura itapigwa Jumamosi baada ya adhuhuri, pale pale benchini. Nitaunga mkono vifaa vinunuliwe, vyote vinne, kwa sharti kwamba daftari lisitolewe msumarini. Na Jumapili, vifaa vikiwapo au visiwepo, zamu ya kufungua ni yangu.